Zimwi Lililopewa Maziwa

Hadithi haitolewi mchana. Kila mtoto wa Masisi analijua hilo kabla hajajua kuhesabu vidole vyake: ukitoa hadithi jua likikuona, utageuka mjusi, utabaki unatikisa kichwa juu ya jiwe na hakuna atakayekuitika. Ndiyo maana siku ile, katika kambi ya wakimbizi wa vita ya Kashuga, Nyiransabimana alipokaa mlangoni pa kibanda chake cha shitingi, turubai la plastiki, saa nne ya asubuhi, akamwambia mtoto mgeni, "Kuya hapa, unitolee hadithi," wanawake waliokuwa wanachambua maharagi karibu naye walisimamisha mikono.

"Tate! Na hii jua yote?" akauliza Murekatete, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Kambi yote ilimwita Tate, yaani bibi.

"Nikigeuka mujusi, utanikamatia inzi nikule."

Wakacheka. Nyiransabimana hakucheka. Alikuwa hajapata usingizi siku tatu, tangu alipoambiwa kwamba mtoto amepatikana.

Mtoto mwenyewe alisimama kando, amevaa gauni la kanisani lililomzidi mabega, anaviangalia viatu vyake vya plastiki kana kwamba ni vya mtu mwingine. Jina lake Sifa. Alikuwa ameletwa kutoka Walikale na Élysée, mwanamume mpole wa shirika linalotafuta watoto waliopotezwa na vita. Mwanamke aliyemlea, Mama Thacienne, alikuwa anapika chakula na kukiuza kwenye njia ya Bisie, kule msituni kwenye mine, machimbo ya madini. Alipoona homa inamshinda, alimwita mchungaji akamwambia: huyu hakutoka tumboni mwangu, nilimwokota njiani wakati watu wa Masisi walikuwa wanakimbia, mumtafutie kwao. Élysée akafungua madosiye yake, mafaili ya watoto waliopotea. Kutoka vilima vile, mwaka ule, umri ule, kwenye orodha alibaki msichana mmoja tu: Umurerwa, mjukuu wa Nyiransabimana.

"Lakini hatuna hakika, Tate," Élysée alikuwa amemwambia. "Mutoto hakumbuke jina ya mama, hakumbuke jina ya kilima. Nimemuuliza maswali yote ya fishi, hii karatasi yetu."

"Fishi yako inauliza maswali ya bakubwa. Mutoto wa miaka ine atajulia wapi jina ya shefu? Mutoto anajua hadithi. Uniachie yeye, nisikie hadithi yake."

"Saa nane gari inarudi, Tate. Hii barabara unaijua."

"Basi hatutangoja giza."

Umurerwa ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho wa nyumba yake. Mama wa mtoto alikufa akimzaa. Baba yake, mwana pekee wa Nyiransabimana, aliuawa njiani akipeleka maharagi sokoni. Wakabaki wawili, bibi na mjukuu, wanakula sahani moja, wanajifunika blanketi moja. Miaka saba iliyopita, asubuhi, Nyiransabimana alimpa mtoto kikopo akamtuma kwa Kampire, jirani mfugaji aliyekaa juu kidogo ya kilima, alete maziwa. Kampire naye alikuwa na msichana, Uwitonze, aliyemzidi Umurerwa mwaka mmoja. Risasi zilipoanza kulia kila mtu alikimbia ulikoelekea uso wake. Baadaye mtu mmoja alisema aliwaona wasichana wawili wadogo wakishuka upande wa msitu, wameshikana mikono. Hakuna aliyewaona tena.

Nyiransabimana na Kampire walikimbilia kambi moja, na miaka saba hawakusemeshana. "Kama ule wake hakukuya kutafuta maziwa, wangu angekuwa mugongoni kwangu," Kampire aliwaambia watu. Maneno hayo yakafika. Nyiransabimana naye akajibu kwa watu haohao: "Yeye njo alikuwa na batoto mukononi. Mimi nilikuwa mbali." Nayo yakafika. Mwaka wa tatu Kampire alikwenda kwa watu wa shirika akafutisha jina la Uwitonze. Alisema amechoka kuulizwa. Nyiransabimana hakufuta kitu. Kila mwezi alipanda mpaka ofisini na fimbo yake. "Iko habari?" "Bado, Tate." "Nitarudia."

Sasa habari imekuja na viatu vya plastiki.

"Ikaa," akamwambia Sifa. "Usiogope. Tuanze na kitendawili, ulimi upate moto."

"Tega," akasema Sifa kwa sauti ndogo.

"Muzee mweupe anakaa juu ya kilima yetu kila asubuhi. Saa ine ameshaenda, na hakuaga mutu."

Sifa akafikiri, amekunja uso. "Ni shefu wa mine. Anakuya na kofia yake nyeupe, anaangalia watu, kisha anapanda gari."

Wanawake walicheka mpaka ungo ukayumba na maharagi yakamwagika. Hata Élysée, aliyekuwa amekaa juu ya bidoni la maji, aliziba mdomo kwa daftari.

"Kwetu huku iko ukungu, mama," akasema Nyiransabimana. "Lakini ule wako pia anafanana. Ingine: ndugu batano banalala kitanda moja, na hakuna anayemupiga mwenzake teke."

"Hao hapana wachimbaji," Sifa akasema upesi, sasa ameanza kuchangamka. "Bale banapigana sana. Hao..." Macho yake yakaangukia ungo. "Maharagi! Ndani ya ganda yake!"

"Mutoto wa mukulima huyo!" Murekatete akapiga makofi. "Tate, unangoja nini tena? Umubebe!"

Moyo wa Nyiransabimana uliruka kama mbuzi aliyekata kamba. Aliukamata kwa nguvu, akaurudisha. Mtoto alikuwa ameangalia ungo. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake.

"Sasa nitolee hadithi. Ile ya zimwi na musichana aliyebebwa. Unaijua?"

"Ninaijua."

Kila nyumba ina zimwi lake, na Nyiransabimana aliyajua mengi. Kwao wakulima, zimwi linamkuta msichana kisimani, linamfungia ndani ya ngoma, linatembea nayo kijiji kwa kijiji. Linapiga, mtoto anaimba ndani, watu wanatoa chakula wakifikiri ni ngoma ya ajabu. Siku moja linafika bila kujua kwa mama wa mtoto, mama anaisikia sauti. Kwa wafugaji hakuna ngoma, kuna kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa. Muuguzi mmoja wa Bukavu alimwambia kwamba kwao ni gunia. Masista wa Ulaya, zamani, walisema kwao mnyama anammeza mtu mzimamzima, tumbo lake ndilo ngoma. Watu wanabadilisha chombo. Mtoto aliye ndani ni yuleyule, na mama ni yuleyule.

Sifa akaanza. Zimwi lake lilikuwa la msituni: lilimkuta msichana akiokota uyoga, likamtia ndani ya kapu la maganda ya mti, likavuka mito, likapita kwenye mitego ya wawindaji. Alitoa vizuri. Alijua kupunguza sauti pale ambapo mtu anasogea mbele bila kujijua. Nyiransabimana alisikia wazi mkono wa Mama Thacienne, marehemu ambaye hakuwahi kumwona, akamshukuru moyoni. Mtoto huyu hakulishwa chakula tu.

"Zimwi likapiga kapu," Sifa akasema, "na musichana akaimba."

Akaimba. Na pale msitu ukaisha. Wimbo haukuwa wa Walikale. Ulikuwa wa vilima, kwa Kinyarwanda kilichovunjika vipande, kama mtu anayesoma barua iliyonyeshewa:

*Mama yoo, mpa amata,*
*Gaju yanjye, Bihogo yanjye...*

"Maana yake nini?" akauliza Élysée.

"Sijui," Sifa akasema. "Mama Thacienne pia hakujua. Wimbo nilikuya nayo."

Nyiransabimana alijua. Mama, nipe maziwa. Gaju wangu, Bihogo wangu. Ng'ombe wawili. Nyumbani kwake msichana wa ndani ya ngoma aliomba maharagi, si maziwa, na hakuwa na ng'ombe wa kuwataja, kwa sababu nyumba ile haikuwahi kuwa na ng'ombe. Gaju na Bihogo walikuwa wakilala kwenye zizi la Kampire.

Akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Umurerwa alikuwa anakwenda kwa Kampire kila asubuhi, akajiambia. Angeweza kusikia majina ya ng'ombe. Angeweza kuusikia wimbo Kampire akikamua. Mtoto anaokota kila kitu.

"Endelea," akasema. "Zimwi likafika kwa mama."

"Likafika kwa mama. Mama akasikia sauti. Akaambia zimwi, ikaa, umechoka, nikupikie. Zimwi likalala. Mama akafungua kapu, akatoa mutoto wake, akamuficha nyuma ya nyumba."

"Halafu akaweka nyuki ndani," akadakia Murekatete, "zimwi likafungua, nyuki bakaliuma mpaka likakufa!"

"Hapana," Sifa akasema.

"Hapana namna gani? Zimwi lazima likufe."

"Mama Thacienne pia alikuwa anasema hivyo. Tulikuwa tunabishana sana. Lakini mwisho yangu haiko vile." Mtoto alisema kwa ukali mdogo, kama mtu anayetetea kitu pekee alicho nacho. "Mama alijaza kibuyu maziwa, akaamusha zimwi, akalipatia maziwa. Likakunywa. Likaenda."

Wanawake walicheka tena. Nyiransabimana alisikia kicheko chao kwa mbali, kama watu wa ng'ambo ya mto.

Wakubwa wote wa kilima waliwahi kuucheka mwisho huo. Yeye mwenyewe aliucheka kuliko wote. "Nyie wafugaji, hata zimwi munalipatia maziwa! Kesho mutalipatia na ndama," alikuwa akimtania Kampire wakikutana njiani, enzi zile walipotaniana. Katika mazimwi yote aliyoyajua, ni la Kampire peke yake lililoondoka hai. Na Kampire alikuwa mtu wa kushika miiko: hadithi aliitoa jioni, ng'ombe wakishaingia, mbele ya watoto wake. Umurerwa alikwenda kule asubuhi tu. Jua likizama alikuwa kifuani kwa bibi yake. Mwisho huo hakuwahi kuusikia.

Sifa alikuwa anamwangalia. "Nimetoa vizuri? Weye njo Tate wangu?"

Élysée alikuwa ameshafungua kalamu. "Tate? Iko yeye?"

Ingekuwa rahisi. Nani angejua? Majirani walishampa mtoto kwa sababu ya ungo wa maharagi. Kampire alifuta jina mwenyewe, kwa hiari yake, na alikuwa bado na wavulana wawili wa kumletea maji. Nyumba ya Nyiransabimana ilikuwa na sahani moja. Angemfundisha huyu kulima, angemsuka nywele, angemwita Umurerwa mpaka jina limkae. Neno moja tu lilitakiwa, na lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Nikisema ni yeye," akamuuliza Élysée polepole, "dosiye ya Umurerwa inakuwa namna gani?"

"Tunaifunga, Tate. Tutaandika amepatikana."

"Hamutamutafuta tena."

"Tutatafuta nini, kama iko hapa?"

Hapo neno likarudi kooni. Kumchukua huyu ilikuwa kumwachilia yule. Akamvuta Sifa karibu, magoti yao yakagusana, akashusha sauti ili majirani wasisikie.

"Mwanangu, siku ile ya kukimbia hukuwa peke yako. Kulikuwa mutoto mwingine mukononi kwako. Mudogo kukupita."

Sifa alianza kuvuta uzi wa gauni lake.

"Mama Thacienne alinikataza kusema. Alisema nisahau, nitaota vibaya."

"Mama Thacienne alisema vizuri. Lakini mimi niambie."

"Alikuwa analia anaita Tate. Tulitembea sana. Nilimubeba, kisha nikashindwa. Tukalala chini ya mti, mvua ikanyesha yote juu yetu. Asubuhi nilimuamusha." Uzi ukakatika. "Nilimuamusha sana. Alikuwa baridi. Mama Thacienne alitukuta pale, anapita na mizigo yake. Alichimba na panga yake, akaweka mawe juu, akaomba. Mimi nilimuachia mukono, Tate. Nililala nikamuachia."

Nyiransabimana alikaa vilevile, mkono juu ya goti la mtoto. Miaka saba alikuwa amepanda mpaka ofisini na fimbo yake, na miaka saba yote Umurerwa alikuwa amelala chini ya mawe kwenye njia ya Walikale. Aliangalia mlima wa mbele, mashamba yake ya kijani yamepangwa vizuri, ng'ombe wa watu wanapanda taratibu. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

"Haukumuachia," akasema mwisho. "Watoto wakilala, vidole vinafunguka vyenyewe. Mungu alivifanya hivyo."

Akajiegemeza kwenye fimbo akasimama. "Élysée, funika kalamu yako. Huyu hapana wangu. Munifuate."

"Tate, unasema nini?" Murekatete akasimama pia, maharagi yakadondoka kutoka mapajani. "Mutoto alijibu! Sisi wote tulisikia!"

"Alijibu. Lakini alijibia nyumba ingine."

Walipanda kambi yote, Nyiransabimana mbele, Sifa nyuma yake, Élysée wa mwisho. Kampire alikuwa upande wa juu, anaosha bidoni za maziwa anayonunua kwa wenye mashamba na kuyauza kwa kikombe. Alipoona nani anakuja aligeuza mgongo.

"Kampire, nimekuletea mutu."

Miaka saba, na hilo ndilo neno la kwanza. Kampire hakugeuka. "Mimi sina mutu anayepotea. Nilimaliza kulia. Rudi na shirika yako."

"Anaimba Gaju na Bihogo."

"Kilima yote ilikuwa inajua ng'ombe zangu."

"Anasema mama alipatia zimwi maziwa."

Mkono wa Kampire uliendelea kusugua. Ulisugua mahali palepale, mahali palipokuwa pamesafika zamani. Kisha akauliza, bado ameinama, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama si yake:

"Na zimwi lilisema nini, lilipomaliza kukunywa?"

Nyiransabimana na Élysée wakamwangalia mtoto. Nyiransabimana mwenyewe hakulijua jibu. Alikuwa amecheka kila mara kabla hadithi haijafika hapo.

"Lilisema asante," Sifa akajibu. "Lilisema, na mimi mama yangu ananingoja."

Kampire alikaa chini kwenye matope, na kitenge chake safi. Alinyoosha mikono bila kusimama. Sifa alisita, akamwangalia Nyiransabimana, na Nyiransabimana akamsukuma kidogo mgongoni, na vidole viwili tu, kama mtu anavyomsukuma ndama kwa mama yake.

Kampire alilia, akamshika mtoto masikio, pua, visigino, akimwita jina ambalo mtoto hakulijua. Baadaye sana, akiwa bado amemkumbatia, aliinua macho. "Na wako?" akauliza. "Wako iko wapi?"

"Amebaki njiani. Huyu wako alimubeba mpaka nguvu ikaisha. Usimuulize leo. Umupe chakula kwanza."

Kampire alishika ukingo wa kitenge cha Nyiransabimana. Nyiransabimana akamwacha akishike muda mrefu. Kisha akakichomoa taratibu, akateremka.

Gari lilikuwa limeshawashwa. Élysée alikuja akikimbia, akakuta mlango wa kibanda uko wazi na Nyiransabimana amekaa kitandani. Alikaa karibu naye. Alikuwa amebeba dosiye mbili sasa, na hakujua aanze na ipi.

"Tate, nisamehe. Ninapaswa kuuliza. Ya Umurerwa, tuifunge? Ao tuiache wazi?"

"Ukiiacha wazi utamutafuta wapi?"

Élysée akatoa karatasi ya kufungia dosiye, akaandika tarehe, akaandika jina. Akasoma maswali kwa sauti, naye akajibu: alizaliwa mwaka gani, alipotea wapi, alama mwilini hakuna. Karatasi ikafika mwisho. Élysée akamsogezea wino atie alama ya kidole.

"Ngoja," akasema Nyiransabimana. "Andika kwamba alikuwa analala upande wa ukuta. Upande ingine hakutaka."

"Tate, kwenye fishi hapana nafasi ya hiyo."

"Pembeni hapo iko nafasi."

Élysée aliangalia ukingo mweupe wa karatasi. Nje dereva alipiga honi mara mbili. Akageuza karatasi ubavu, akaandika kwa herufi ndogo ndogo ili zienee.

"Andika tena, alikuwa anaogopa jogoo. Andika alikuwa anajua kusema 'kitendawili,' lakini kitendawili yenyewe hakuwa nayo bado. Akishasema, anacheka tu." Akafuta uso kwa kiganja. "Umeandika 'anacheka'?"

"Nimeandika, Tate."

"Soma, nisikie."